Wageni wa Kadi Nyeusi

Bandari ya Galveston ina mistari miwili ya kupandia meli. Mmoja una zulia jekundu, maji ya limau kwenye jagi la kioo, na kijana wa kukupokea mzigo. Mwingine una watu. Verna Guillory alielekea moja kwa moja kwenye zulia kama mtu anayeingia jikoni kwake, huku akiwapungia mkono wakwe wa binti yake wamfuate.

"Huku, dada Odessa, huku! Msijichanganye na wale, mtakanyagwa na watoto."

Odessa Mayfield na mumewe Cornelius walikuwa wametoka Beaumont asubuhi hiyo, na masanduku yao ya ngozi yalifanana kama mapacha. Cornelius alikuwa na kampuni ya mazishi. Alitembea polepole, mikono ameikunja mbele, kichwa kimeinama kidogo. Hata akienda kununua mkate alitembea hivyo hivyo. Nyuma yao wote alikuja Otis, mume wa Verna, akikokota begi lenye gurudumu moja zima na jingine lililokata tamaa.

Verna akaiweka kadi mezani kama mtu anayetupa turufu. "Kadi nyeusi," akamwambia msichana wa zamu. "Na hawa ni wageni wetu."

Msichana akaipitisha kadi kwenye mashine. Mashine ikatoa mlio mfupi, wa aina isiyohitaji mkalimani.

"Samahani, mama. Kadi hii kwa sasa ni ya bluu."

"Ni nyeusi. Macho unayo."

"Plastiki ni nyeusi, ndiyo. Daraja lake ndilo la bluu. Mstari wenu ni ule pale."

Verna akamgeukia mumewe. "Otis, mwambie."

Otis alikuwa akivitazama viatu vyake kama mtu anayefikiria kuvinunua. "Kompyuta hizi," akasema. "Twende tu kule, Verna."

Hapo msichana akainua uso na kutabasamu, lakini tabasamu likampita Verna begani. "Bwana na Bibi Mayfield? Nyinyi mmelipia chumba chenye roshani. Karibuni, piteni huku."

Cornelius akalitazama zulia, akamtazama Verna, kisha akafanya ambalo binadamu yeyote mwenye miguu inayouma angefanya. Akapita. Odessa akapokea glasi ya maji ya limau. "Tutawasubiri ndani, dada," akasema, kwa sauti ile ile ambayo mumewe huitumia kuwaambia wafiwa kwamba hata jeneza la bei nafuu nalo ni zuri.

Basi Verna Guillory, mkuu wa wakaribishaji wa Kanisa la Mlima wa Mizeituni, alipanga mstari na watu. Mbele yake walikuwepo wasichana wa sherehe ya bibi harusi waliovaa fulana za maneno asiyothubutu kuyasoma mpaka mwisho. Nyuma yake mtoto aliyevaa boya kiunoni alimgonga magotini kwa kila hatua, kama mashua inayotafuta gati.

*

Mcheza kwao hutunzwa, na Otis alikuwa amecheza. Tangu astaafu kazi ya kupakua shehena bandarini, alikuwa amekaa mbele ya mashine za kamari za meli hiyo kwa uaminifu ambao Mungu mwenyewe hakuwahi kuupata kutoka kwake. Kasino nayo ikamtunza: kadi nyeusi ya wachezaji wakubwa, chumba cha bure, vinywaji vya bure, chakula cha jioni kwenye mkahawa wa nyama unaotazama bahari, na kikapu cha matunda kitandani chenye kijikaratasi cha dhahabu, *Karibuni tena, familia ya Guillory*.

Verna aliichukia kamari. Alikwisha kuisema mbele ya akina mama wa kanisa, na mfano aliotumia ulikuwa mumewe. Lakini chumba hakikuwa kamari, chumba kilikuwa chumba. Wala hakuna andiko hata moja linalokataza kikapu cha matunda. Akipanda meli alitembea kwa madaha, wahudumu wakimwita jina, na akirudi nyumbani aliwasimulia Odessa na Cornelius mpaka simu ikachemka sikioni. Safari hii aliwaambia waje wenyewe waone. Jioni ya pili wangekula pamoja kwenye ule mkahawa wa nyama, wageni wa kadi nyeusi, kusherehekea miaka arobaini ya ndoa yake.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kilichokuwa chini kabisa, karibu na chumba cha dobi. Kilikuwa na vitanda viwili vyembamba, na mahali pa dirisha palikuwa na picha ya bahari.

"Otis."

"Naam."

"Hii ni picha."

"Ni nzuri lakini. Haina mawimbi."

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Verna," akasema, na huo, kama Verna alivyokuja kugundua baadaye, ulikuwa ukweli mtupu.

Mlango ukagongwa. Odessa alikuwa nje, amekwisha badili nguo, ananukia marashi. "Nimekuja kuona makao yenu ya kifalme!"

Verna akajaza mlango kwa mwili wake. Ulikuwa mwili wa kutosha. "Ah, dada, tumewaomba watuweke huku chini safari hii. Meli haiyumbi sana kwa chini. Ni tumbo la Otis."

"Tumbo?"

"Limemsumbua sana."

Nyuma yake Otis alikuwa anakula biskuti za karanga, na hakuacha kutafuna. Odessa akanyoosha shingo kushoto, Verna akasogea kushoto. Akanyoosha kulia, Verna akasogea kulia. Walicheza ngoma hiyo kidogo, mpaka Odessa akasema, "Basi ugua pole, kaka Otis," akaondoka.

*

Texas ni jimbo la wacha Mungu, kwa hiyo dhambi zake huzifanyia nje ya mpaka. Kasino ya meli hukaa giza mpaka maji ya jimbo yaishe, halafu taa huwaka zote kwa mpigo na watu waliokuwa wakijifanya wanapita tu huketi. Verna alikuwa wa kwanza kufika kwenye meza ya Milica, yule dada wa kutoka Montenegro aliyewahudumia wageni wakubwa wa kasino. Milica alimkumbatia. Kisha akafungua kompyuta, na mikono yake ikapunguza uchangamfu.

"Bibi Verna, kompyuta haijakosea. Bwana Otis hajacheza tangu Februari."

"Haiwezekani. Tumesafiri tangu hapo zaidi ya mara moja. Kila jioni alikuwa anakuja huku. Mimi mwenyewe nilimpigia pasi shati."

"Hajaigusa mashine hata moja." Milica akateremsha sauti. "Mimi nakutakia mema. Lakini daraja hushuka lenyewe. Si mimi ninayelishusha."

Verna akasimama kati ya kelele na taa, na wazo likamjia, limevaa viatu virefu. Mwanamke. Mume wake, mzee wa miaka sabini mwenye goti moja la chuma, alikuwa akitoka kila jioni na shati lililopigwa pasi kwenda kwa mwanamke. Akawatazama wajane waliojipanga kwenye mashine, mmoja ana mtungi wa hewa pembeni, mwingine anasinzia, akajiuliza ni yupi kati yao.

"Na nikitaka lirudi?" akauliza. "Kadi nyeusi. Kabla ya chakula cha kesho."

"Lazima mtu acheze."

"Mtu gani?"

"Yeyote wa nyumba yenu. Mmeandikwa pamoja." Milica akamtazama vizuri, akaongeza kwa upole, "Bibi Verna, mkahawa ule mtu anaweza kulipia tu. Bei si mbaya."

Ushauri huo ulikuwa wa bure, na ulikuwa kitu cha bure cha maana kuliko vyote alivyowahi kupewa kwenye meli hiyo. Verna akaukataa. Kulipia? Odessa aone bili inakuja mezani? Afadhali angejitupa baharini na kikapu kichwani.

Ndani ya mkoba wake kulikuwa na kadi ya benki yenye fedha za paa. Kimbunga cha mwaka uliopita kilikuwa kimeing'oa sehemu ya jikoni, na tangu hapo walikuwa wakiishi chini ya turubai la buluu lililopigapiga usiku kucha kama bendera ya nchi maskini. Fundi Alvarado alikuwa anangoja malipo yake Jumatatu wakirudi. Fedha hizo alizibeba Verna kwa sababu, kama alivyomwambia Otis mbele ya binti yao, mcheza kamari hapewi fedha za paa.

*

Siku ya pili meli ilikuwa katikati ya Ghuba ya Mexico, hakuna nchi kavu upande wowote. Baada ya kifungua kinywa Verna aliwaambia wenzake anakwenda kusuka nywele. Akachagua mashine yenye picha za nyati kwenye kioo, kwa kuwa nyati alionekana mnyama wa heshima.

Mwanzoni alibonyeza kwa kidole kimoja, kama anayejaribu pasi kama imeshika moto. Nyati wakakimbia, wakasimama. Wakala fedha kidogo. Wakakimbia tena, wakatapika baadhi ya walichokula, mashine ikaimba, na kitu kikamtekenya Verna nyuma ya shingo, mahali ambapo hakuna mtu aliyemgusa kwa miaka mingi.

"Umeiona hiyo?" akamwuliza jirani yake, yule mama wa mtungi wa hewa.

"Nimeiona, mpenzi. Usiinuke. Imeanza kupata joto."

"Mimi si mchezaji. Nasubiri tu chakula."

"Sote tunasubiri chakula," akasema yule mama. "Mimi nasubiri chakula tangu Krismasi."

Aliletewa kinywaji ambacho hakukiagiza. Aliletewa kingine. Kadi ya meli ilikuwa imechomekwa kwenye mashine, na kutoka kwenye kadi ilitoka kamba ya plastiki iliyosokotwa iliyobanwa kwenye kola ya blauzi yake, ili asiisahau akiondoka. Lakini hakuwa anaondoka. Fedha za kuezeka upande wa mashariki zilipoisha alijiambia atazirudisha kwa za upande wa magharibi. Akawatukana nyati. Akawabembeleza. Wakati mmoja alijisikia akisema, "Kwa jina la Yesu," akabonyeza, na nyati watatu wakajipanga, wa nne akakosea nafasi kidogo tu. Hata kanisani hakuwahi kumkaribia Mwokozi kiasi hicho.

Hakujua saa ngapi. Kwenye kasino hakuna saa ukutani, na madirisha hayapo, tena hapakuwa hata na picha.

"Dada Verna."

Odessa alikuwa amesimama nyuma yake, amevaa gauni refu la zambarau na hereni za lulu. Cornelius alikuwa pembeni yake na suti yake nyeusi, ile ya kazini. Odessa aliifuata ile kamba kwa macho, kutoka kwenye mashine mpaka kwenye kola, kama mtu anayemwona mbuzi wa jirani amefungwa kwenye bustani yake.

"Tumekaa kule mkahawani tunawasubiri," akasema. "Wametuambia hapana meza kwa jina la Guillory."

"Itakuwepo. Imebaki kidogo sana."

"Mliniambia ni Otis ndiye anayecheza."

"Ni Otis!" Verna akasema, na kidole chake, bila kumwomba ruhusa, kikabonyeza.

*

Otis alikuja kwa haraka yote ambayo goti lake liliruhusu. Mtu alikuwa amemwambia. Alitazama kioo, akaisoma namba iliyobaki pale chini, na kwa kuwa alikuwa mtu aliyesoma namba hizo kwa miaka, hakuhitaji kuuliza zilizotangulia.

"Za paa?" akasema.

Verna akaitikia kwa kichwa.

"Zote?"

"Zimebaki za misumari."

Alitegemea Otis apige kelele. Angefurahi kama angepiga kelele, maana kwa kelele alikuwa na majibu. Otis akavuta kiti cha pembeni, akakaa akiwa ameipa mashine mgongo.

"Ni kosa lako," Verna akasema kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa anasema kitu. "Ungeniambia umeacha. Nani huyo?"

"Nani nani?"

"Huyo mwanamke. Unayekwenda kwake na mashati yangu."

Otis akamtazama, kisha akamtazama Cornelius, kana kwamba wanaume wawili wangeweza kuamua kwa kura kama amesikia sawasawa. "Verna, na goti hili? Nilikuwa nacheza domino. Kule maktaba. Na wazee wawili wa Shreveport. Hata senti haiwekwi."

"Domino."

"Nao ni wezi wakubwa."

"Sasa kwa nini uliacha mashine?"

Yule mama wa mtungi akapunguza mwendo wa kubonyeza ili asikie vizuri.

"Unamkumbuka Hollis wa Nacogdoches? Mwenye kofia ya wachunga ng'ombe? Alikufa hapo, Februari. Kwenye kiti kile. Nilikuwa karibu yake. Kichwa kilianguka mbele kama mtu anayesali, mashine bado inaimba. Kabla hawajaleta machela, mama mmoja akamgusa mhudumu bega akauliza, 'Hii mashine ina mtu?'"

"Mungu wangu," akasema Odessa.

"Si hilo lililonitoa. Watu ni watu. Mimi kabla sijamtazama Hollis nilitazama kioo chake. Nikaona nyati watatu, nikasema moyoni, hii imekaribia. Halafu ndipo nikamtazama rafiki yangu." Otis akafuta mikono kwenye suruali. "Nikainuka. Sijakaa tena."

"Ungeniambia, Otis."

"Ningekuambia nini? Nyumbani unanisema mpaka mbele ya mchungaji. Tukipanda huku unatembea kama mke wa gavana. Nilikuona na kile kikapu cha matunda, ulivyokuwa unakipiga picha. Nikasema, mwache afaidi mpaka waje wagundue wenyewe."

Verna alitaka kujibu. Alitafuta jibu upande wa hasira, upande wa dini, na hata upande wa machozi ambako huwa hakosi. Kote kulikuwa kumefagiliwa. Akajifungua ile kamba kwenye kola, lakini klipu ikakwama kwenye kitambaa, na ilimlazimu Odessa Mayfield, na lulu zake zote, ainame amsaidie kuichomoa.

Wakati huo huo Milica akafika mbio mbio akitabasamu, ameshika chupa yenye utepe. "Bibi Verna! Hongera! Mmerudi kadi nyeusi. Meza ya wanne iko tayari, upande wa bahari. Na chumba chenye roshani kimepatikana, tutahamisha mizigo sasa hivi."

Nyati walikuwa wakikimbia kwenye vioo vyote, kila mahali.

Verna akaipokea chupa. Akanyoosha blauzi yake, iliyokuwa na tundu dogo sasa penye kola. "Twendeni," akasema. "Tumeshalipia."

*

Kamba wakubwa waliletwa, kila mmoja amelala juu ya sahani kama askofu. Cornelius alisema nyama yake ni laini sana. Odessa akasema kweli, laini. Verna akaweka uma chini.

"Hii mnayokula ni paa langu," akasema.

Wakamtazama.

"Hakuna cha bure hapa. Turubai tuliloweka baada ya kimbunga bado lipo, na fedha za fundi nimezichezea tangu asubuhi ili msinione nimelipa bili. Tumbo la Otis halijawahi kuuma tangu anioe, huyu anaweza kula misumari. Na chumba chetu hakina dirisha, kina picha."

"Hiyo ya picha nilijua," akasema Odessa. "Niliiona kupitia kwapani mwako."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Ulikuwa umeshikilia mlango kwa nguvu sana, dada. Nikasema nisimwongezee kazi."

Cornelius alikuwa bado anatafakari, mikono ameikunja juu ya kitambaa cha meza. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ile ya makaburini, nzito na ya pole. "Paa la upande gani?"

"La jikoni."

"Sebule ni nzima?"

"Sebule ni nzima."

"Basi naomba niongezewe kamba."

Otis ndiye aliyeanza. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, akapiga meza mpaka glasi zikalia. Kisha Odessa, mwanamke ambaye Verna hakuwahi kumwona meno ya nyuma, akacheka mpaka akaficha uso kwa kitambaa. Verna hakucheka. Lakini alikula kamba wake wote, akavunja na makucha, akanyonya, maana kama ni paa alitaka alimalize.

Kwenye kahawa Cornelius akarudi kwenye jambo la maana. "Ninalo hema moja," akasema. "La wafiwa, la kusimamishwa makaburini. Kitambaa kizito, maji hayapiti. Limetumika mara mbili tu. Nitamtuma kijana wangu alilete alifunge juu ya jiko mpaka mjipange."

"Siwezi kuweka hema la mazishi juu ya nyumba yangu."

"Mvua haijui ni la nini," akasema Cornelius.

Usiku huo walilala kwenye chumba chenye roshani, kwa sababu mizigo ilikuwa imekwisha hamishwa na Otis alikataa kuikokota tena chini na gurudumu lile. Verna alitoka nje akasimama kwenye upepo. Bahari ilikuwa kubwa na nyeusi na haikumtambua. Aliipenda hata hivyo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Asubuhi, wenzake walipokuwa wakishuka kisiwani Cozumel kununua kofia, alikwenda mezani kwa Milica.

"Mtu anaweza kufutwa jina? Asiletewe tena vyumba, wala matunda, na hata akija mwenyewe akiomba kucheza akataliwe?"

Milica akatazama kushoto na kulia. "Anaweza. Nina kazi hii miaka mingi, wewe ni wa tatu kuuliza." Akaanza kuandika. "Nimfute na Bwana Otis?"

"Huyo alishajifuta mwenyewe," akasema Verna. "Tena hakuniambia."

Kutoka mezani mpaka mlangoni ilimbidi apite katikati ya mashine. Zilikuwa zimezimwa, meli ikiwa bandarini, lakini alipita ameangalia zulia.

*

Kijana wa Cornelius alileta hema Alhamisi ya wiki iliyofuata, akalifunga vizuri juu ya jiko kwa kamba nene. Lilikuwa la kijani, safi, na maji kweli hayakupita. Ambalo Cornelius hakulisema, labda kwa kuwa yeye alishazoea kuliona, ni kwamba ubavuni, kwa herufi nyeupe zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, lilikuwa limeandikwa: MAYFIELD NA MWANAWE, MAZISHI YA HESHIMA.

Kabla ya saa sita mchana kuku wa kukaanga alikuwa amefika. Halafu saladi ya viazi, sinia mbili. Halafu wali na maharage mekundu kutoka kwa mtu asiyemfahamu kabisa, aliyeviacha kibarazani akaondoka akijifuta macho. Mkuu wa wakaribishaji ana marafiki wengi, na watu wa Galveston hawangoji kuambiwa aliyekufa ni nani ndipo wapike.

Dada Lucinda wa kwaya alikuja mwenyewe mpaka mlangoni na pai ya viazi vitamu, amevaa nguo nyeusi. Otis ndiye aliyefungua.

Lucinda akapiga ukelele.

"Ingia, dada," akasema Otis. "Marehemu ni mimi. Hiyo pai ni ya moto?"

Verna akatoka jikoni akifuta mikono. Alimwona Lucinda ameegemea mwimo wa mlango, kifua kinapanda na kushuka. Alijua wazi kwamba mwanamke huyo akitoka hapo, chochote atakachoambiwa kitakuwa kimefika kanisani kabla yake. Uongo mzuri ulikuwa tayari ulimini: kijana wa Mayfield alikosea nyumba, au hema liko hapo likauke tu. Aliuona umekaa pale, umevaa vizuri, unasubiri kutumwa.

"Hakuna aliyekufa, Lucinda," akasema. "Nilicheza kamari kwenye meli nikapoteza fedha za paa. Si Otis. Mimi. Hilo hema ni la msaada."

Lucinda akamtazama Otis, ambaye aliinua mabega. Akamtazama Verna, juu mpaka chini. Huruma ikamtoka usoni taratibu kama maji kwenye sinki, na mahali pake pakaingia kitu kingine, chenye afya zaidi.

"Kamari," akasema. "Wewe."

"Nyati," akasema Verna. "Siku nzima."

Lucinda akaiangalia pai mikononi mwake. Ilikuwa pai ya msiba, na msiba haukuwepo. Akaanza kuirudisha kifuani polepole. Lakini Verna alikuwa amekwisha ushika ukingo wa pili wa sahani, na hakuuachia.